Seti ya kutobolea barafu darasani: keekee inunue, kijitabu kiache dukani

Kwa shilingi 14,500 unapewa sanduku la mbao lenye silinda ya chuma cha pua iliyofungwa visu viwili chini, mpini wa kushikia kwa mikono miwili, kipande cha kuunganisha silinda na drili ya betri, bomba la PVC la inchi 4 lenye kifuniko, nusu-bomba la kulazia barafu, na kijitabu cha kurasa 24. Inaundwa kwenye karakana moja ya Kariobangi na kuuzwa mjini kwenye duka la vifaa vya maabara za shule. Muuzaji ataiita maabara ya Antaktika ya mezani. Upande wa kutoboa hajasema uongo sana. Upande wa kueleza barafu inasema nini, kijitabu kitampotosha mwanafunzi kuliko kama hangesoma chochote.

Kwa ambaye hajakutana na kazi yenyewe: Greenland na Antaktika watafiti hutoboa barafu kwa keekee yenye uwazi katikati, ili kinachobaki ndani kitoke kizima. Hicho kinachotoka hapa tutakiita mche, kama mche wa sabuni, ila huu ni wa duara. Mche wa EPICA, mradi wa nchi za Ulaya kule Dome C, Antaktika, ulikuwa na kipenyo cha milimita 98, wa GISP2, mradi wa Marekani kule Greenland, milimita 132. Wa seti hii ni milimita 50, na urefu wake hauzidi sentimita 40. Udogo huo haudhuru. Karibu kila kinachokwamisha keekee kubwa kinaikwamisha na hii, na hapo ndipo thamani yake.

Anza na kichwa, yaani mwisho wa silinda wenye visu, maana ndiko pesa yako ilikokwenda. Silinda ina milimita 60 kwa nje na 52 kwa ndani, lakini visu vimetokeza pande zote mbili, hivyo shimo linatoka na milimita 70 na mche na 50. Nafasi hizo ndogo ndizo zinazoacha mche uingie bila kusugua na chenga za barafu iliyokatwa zipate pa kupandia. Visu ni vya chuma cha springi ya gari, vimechongwa vizuri, na mgongo wa kila kisu umeinuliwa kidogo ili usikwaruze barafu ambayo makali yamekwisha kukata. Fundi aliyevichonga anajua kazi yake.

Shida iko kwenye viatu. Nyuma ya kila kisu kuna kipande kidogo cha chuma kinachoteleza juu ya barafu na kuamua kisu kikate kiasi gani kwa kila mzunguko. Viatu viwili lazima vilingane. Kimoja kikiwa chini kuliko kingine, kisu kimoja kinafanya kazi yote, silinda inayumba, na mche unatoka na mifereji ya kujisokota kama skrubu. Kabla ya kulipa, simamisha kichwa juu ya kioo cha kaunta ili visu viguse kioo, kisha ingiza vipande vya karatasi ya fotokopi chini ya kila kiatu hadi visiingie tena. Karatasi moja ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo kumi ni milimita moja. Idadi za pande mbili zikipishana kwa karatasi moja au mbili, si neno. Zikipishana kwa tano, rudisha, au piga tupa kile kiatu chenye nafasi ndogo mpaka kilingane na mwenzake. Kumi kwa kila upande ndiyo hali nzuri kwa mkono. Kwa drili ya betri punguza hadi sita au saba, la sivyo kisu kitauma sana na drili itasimama.

Kisha chenga. Watu wengi hufikiri kazi ni kukata, kumbe kazi ni kuondoa kilichokatwa. Kila sentimita 10 unazoshuka, visu vinasaga sentimita za ujazo zipatazo 188 za barafu ngumu, karibu sawasawa na barafu iliyomo kwenye mche wenyewe. Ikishasagwa inajaa zaidi ya mara mbili, yaani zaidi ya mililita 400. Nafasi kati ya silinda na ukuta wa shimo, kwa sentimita hizo hizo 10, ni mililita 100 tu. Ule waya uliochomelewa kwa kujizungusha nje ya silinda unazipandisha, ila kwa mwendo wa mkono hauzimalizi. Zilizobaki zinashindiliwa. Kwa hiyo toa silinda kila baada ya sentimita 4 au 5, kung'uta, futa, rudisha. Kijitabu kinasema "shuka moja kwa moja hadi chini". Usikifuate.

Keekee za ncha za dunia zina chumba maalumu cha chenga juu ya silinda, na bado safari moja huleta mita chache tu za mche. Ukifika kina cha mita 3,000, kuishusha na kuipandisha kwa waya kunakula zaidi ya saa nzima, kwa hizo mita chache.

Kukwama ndilo somo kubwa kuliko yote kwenye sanduku hili, nalo halikuandikwa popote kijitabuni. Silinda ikitoka kabatini ikiwa na joto la chumba, nyuzi 22 au 23 kwa siku ya kawaida ya Nairobi, inayeyusha ngozi ya barafu inayoigusa. Baridi ya barafu iliyobaki inayagandisha tena yale maji, na chuma kimeshaganda na ukuta. Dawa yake ni kuilaza silinda kwenye friza saa moja kabla ya somo, pamoja na mpini. Usiiache imesimama shimoni hata kidogo. Ukitaka kueleza jambo huku silinda iko ndani, lieleze kwa sentensi moja.

Ikishakwama, usimwage maji ya moto. Yatapasua kipande chote, na yakiteremka chini yataganda kuwa gundi mpya. Mimina kama mililita 30 za spiriti kuzunguka silinda, ngoja dakika mbili, kisha zungusha taratibu kinyume huku ukivuta. Spiriti inashusha kiwango cha kuganda, ndiyo maana mchanganyiko wa ethanoli na maji ulitumika hata Dome C na kwenye shimo la NorthGRIP kule Greenland, walipofika karibu na mwamba ambako barafu ina joto la kukaribia kuyeyuka na chenga zinanata kwenye visu. Madirisha wazi, na pasiwe na moto wa Bansen karibu.

Wakubwa nao hukwama. Shimo la kwanza la EPICA kule Dome C lilipoteza keekee kwenye mita 788, ikabaki huko huko, na ikabidi waanze shimo jipya kando yake. Hilo la pili ndilo lililofika zaidi ya mita 3,200 na kuleta barafu ya miaka 800,000. Kumbuka hiyo 788, tutairudia.

Ndani ya kichwa kuna kucha mbili za kukamatia mche, zikisukumwa na springi ndogo. Ukishuka zinarudi pembeni, ukivuta zinajichoma kwenye barafu. Kucha zenyewe ni imara. Springi hazina nguvu, zinafanana sana na zile za kalamu ya wino, na zikipata maji zinaganda zikiwa zimefungwa, ukivuta mche unabaki chini ukikutazama. Zipulize zikauke na uzipake grisi nyepesi ya silikoni kabla ya kuziweka kwenye friza. Grisi ya kawaida ya gari inakuwa nta kwenye nyuzi -18.

Hata kucha zikishika vizuri, mche hauachi chini kwa kuvutwa kirahisi. Barafu huhimili mvuto wa takriban megapaskali moja. Kwa mche wa milimita 50 hiyo ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo 200. Ndiyo sababu wanafunzi wakivuta, ndoo nzima yenye barafu inapaa pamoja na keekee, na darasa linacheka. Kuna namna: shuka hadi kina unachotaka, acha kuzungusha, vuta kidogo mpaka uhisi kucha zimeuma, kisha lalisha mpini upande mmoja kwa mshtuko mfupi. Kucha zimeshachora alama kwenye mche, na ufa unaanzia hapo. Utasikia mlio wa "tak", mkavu. Ukisikia mlio wa kukwaruza, kucha zimeteleza, rudia.

Ukitumia drili ya betri, jua kwamba nguvu ya kuzungusha inakwenda pande zote mbili. Silinda ikiuma, ndoo inazunguka. Keekee inayoning'inia kwenye waya ina tatizo hilo hilo: bila kizuizi, mota ingezunguka yenyewe na kusokota waya huku kichwa kimetulia. Kwa hiyo sehemu yake ya juu hufungwa vyuma vyembamba vya springi vinavyobana ukuta wa shimo, vinavyoteleza juu na chini lakini vinakataa kuzunguka. Seti hii haina kitu cha aina hiyo. Pigilia mbao mbili sakafuni, ndoo ikae katikati, au muweke wanafunzi wawili wenye mabuti.

Ukurasa wa 9 wa kijitabu unashauri shimo lijazwe mafuta ya taa "kama wanavyofanya wataalamu". Ukurasa huo ungepaswa kuchanwa kabla sanduku halijatoka dukani. Wataalamu wanajaza shimo kimiminika kwa sababu barafu hutiririka polepole. Kwenye mita 3,000 uzito wa barafu iliyo juu unabana kwa karibu mara 270 ya kanieneo ya hewa ya kawaida, na shimo tupu lingejifunga na kuimeza keekee. Mafuta ya taa peke yake ni mepesi kuliko barafu, gramu 0.8 hivi kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 0.917, kwa hiyo huongezewa kemikali nzito mpaka uzito ulingane. GISP2 walitumia kimiminika kingine kabisa, butili asetati. Mashimo mafupi ya mita 100 au 200 hutobolewa makavu, bila tone. Shimo lako la sentimita 40 halina haja ya chochote, na mvuke wa mafuta ya taa karibu na drili inayotoa cheche ndani ya mota ni hatari ambayo hakuna somo linaloistahili.

Sasa barafu yenyewe. Bomba la PVC lina urefu wa sentimita 60, na kijitabu kinakuambia ulijaze maji. Maji yakiganda yanaongezeka kwa karibu asilimia 9. Ukilijaza pomoni na kufunga kifuniko, asubuhi utakuta bomba limepasuka kwa urefu. Jaza hadi sentimita 54 na uache juu wazi. Bomba la inchi 4 pia ni jembamba kwa shimo la milimita 70: ukuta wa barafu unaobaki hauzidi milimita 17, na visu vikitetemeka unapasuka. Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyooshwa ni bora mara kumi, ila inataka friza ya kulala na siku tatu za kuganda.

Picha ya jalada inaonyesha mche wenye michirizi ya rangi nyekundu, bluu na kijani, kama keki. Mche huo haukutoka kwenye friza yoyote. Maji yanapoganda yanakifukuza kila kisicho maji, rangi ikiwamo. Utakachopata ni barafu angavu pembeni na utepe wa rangi iliyokolea katikati, pamoja na viputo vyote vya hewa vilivyofukuzwa huko huko. Ukitaka tabaka zinazoonekana, tumia majivu ya jiko yaliyochekechwa kwa kitambaa. Gandisha sentimita 3, nyunyiza robo kijiko cha chai, mimina maji ya baridi kabisa ya sentimita 3 nyingine. Yakiwa ya bomba moja kwa moja yatayeyusha tabaka la chini na majivu yatatawanyika. Majivu pia ndiyo mfano wa kweli: kwenye barafu ya ncha za dunia tabaka za majivu ya volkano zipo, na zinaonekana kwa macho.

Ila hata ukifanya hayo yote vizuri, umetengeneza barafu isiyo ya jamii ile. Barafu ya Antaktika haikuwahi kuwa maji kwenye ndoo. Ni theluji iliyoanguka juu ya theluji, ikashindiliwa na uzito wake, ikawa firni, kitu cha kati chenye vinjia vya hewa, mpaka ujazito, yaani uzito wa kila sentimita ya ujazo, ulipofika karibu gramu 0.83 na vinjia vikajifunga kuwa viputo. Kutegemea mahali, hilo hutokea kwenye kina cha mita 50 hadi 120.

Na theluji unayo nyumbani, ila huwa unaikwangua na kuitupa. Ule ugaga mweupe unaoota kwenye kuta za friza ya kizamani umetoka kwenye mvuke wa hewani moja kwa moja hadi barafu, bila kupitia maji. Ndio ndugu wa theluji. Kusanya wa friza mbili tatu, fanyia kazi haraka, ushindilie tabaka kwa tabaka kwenye kipande cha bomba la chuma (PVC haihimili) kwa gogo la mbao na jeki ya gari. Jeki ya tani 2 kwenye bomba la sentimita 10 inabana kwa karibu megapaskali 2.5, sawa na uzito wa barafu ya mita karibu 280. Acha usiku mzima kwenye friza, toboa kesho yake. Pima kila kipande: uzito kwa mizani ya jikoni, gawa kwa ujazo. Utaona ujazito ukibadilika kutoka juu, palipogusana na gogo, hadi chini. Hilo ndilo somo ambalo seti ilipaswa kuuza, na vifaa visivyo kwenye sanduku ni jeki, bomba la chuma, gogo na mizani tu.

Kijitabu kinaendelea kusema kwamba hewa kwenye viputo ina umri sawa na barafu iliyoizunguka. Soma tena kuhusu firni. Hewa inaendelea kupita hadi vinjia vijifunge, mita makumi chini ya uso, kwa hiyo siku zote ni changa kuliko barafu. Kule WAIS Divide, Antaktika ya magharibi, ambako theluji huanguka kwa wingi, tofauti ni miaka mia chache. Kwenye nyanda kame za Antaktika ya mashariki ni maelfu ya miaka. Mwanafunzi asiyejua hilo akipanga hewa ukaa na joto kwenye chati moja kwa kufuata kina, atajibu vibaya swali la kipi kilitangulia.

Kinasema pia kwamba kila sentimita ina miaka sawa na nyingine, "hivyo pima urefu upate umri". Hapa ndipo ile mita 788 inapofaa. Mche wa shimo lile lililokwama ulifika miaka 45,000. Robo ya kwanza ya kina, na hata sehemu ya kumi na tano ya umri wote hujaifikia. Barafu iliyo chini imebanwa na kunyooshwa pembeni, tabaka la mwaka mmoja linazidi kuwa jembamba kadiri unavyoshuka. Na Dome C theluji ni haba kiasi kwamba miaka haihesabiki kwa macho hata juu. Watafiti wanategemea mahesabu ya mtiririko wa barafu na alama zinazojulikana tarehe, kama asidi ya volkano. Alama za milipuko ya Tambora ya 1815 na Samalas ya 1257 zinaonekana kwenye miche ya ncha zote mbili.

Jaribio la ukurasa wa 17 nalo, la kuyeyusha mche kwenye maji ya chokaa ili "kuona hewa ukaa ya kale", ni mazingaombwe. Linafanya kazi kwa sababu kijitabu kimekuelekeza utengeneze barafu kwa soda. Kilo moja ya barafu halisi ya ncha za dunia ina kama mililita 100 za hewa, na ndani ya hizo hewa ukaa ni mililita 0.03 hivi, kwa kuwa kwa miaka 800,000 kabla ya enzi ya viwanda kiwango chake kilipanda na kushuka kati ya sehemu 180 na 300 kwa milioni. Maji ya chokaa hayataona chochote. Tena maabara zinazopima hewa ukaa haziyeyushi barafu: zinaisaga ikiwa kavu ndani ya ombwe, kwa sababu vumbi lenye kabonati likikutana na maji linatengeneza hewa ukaa mpya. Ndiyo maana rekodi ya hewa ukaa inategemewa kutoka Antaktika, si Greenland yenye vumbi la aina hiyo kwa wingi.

Badala ya jaribio hilo fanya hili, ambalo halikugharimu kitu. Kata kisahani cha mche chenye unene wa milimita 5 kwa msumeno mwembamba. Kigandishe juu ya kioo kwa matone mawili ya maji, ukirudishe kwenye friza, kisha kisugue juu ya sufuria ya alumini iliyo na joto la kawaida mpaka kibaki chini ya nusu milimita. Fungua ukurasa mweupe kwenye laptopu, shika kioo mbele ya skrini, na utazame kupitia miwani ya jua inayochuja mwanga. Zungusha miwani hadi skrini iwe nyeusi. Kila fuwele itawaka rangi yake, zambarau, njano, kijani. Miwani nyingi ya barabarani imeandikwa inachuja na haichuji: muuzaji akikupa, igeuze mbele ya simu yako. Skrini isipofifia, mrudishie.

Kwa njia hiyo utaona kwa macho yako kwa nini barafu ya ndoo si barafu ya theluji. Ya ndoo ina fuwele ndefu zilizoota kutoka ukutani kwenda katikati. Ya ugaga ulioshindiliwa ina punje ndogo ndogo zilizoelekea kila upande, kama firni. Kwenye miche halisi punje zinakua kadiri unavyoshuka, na nyingi zinaelekea upande mmoja kwa sababu ya miaka mingi ya kubanwa.

Kijitabu kinamaliza kazi mche ukishatoka, kana kwamba shimo halina neno. Shimo nalo linasomeka. Baada ya kutoboa, teremsha kipimajoto hadi chini, ziba mdomo wa shimo kwa sponji, kisha badilisha namba ya friza. Joto linachukua kama dakika 35 kupenya sentimita 5 za barafu. Unene ukiwa mara mbili, muda ni mara nne, kwa hiyo sentimita 10 ni zaidi ya saa mbili. Endelea na hesabu hiyo hiyo hadi kilomita moja na utapata miaka karibu 26,000. Ndiyo maana kipimajoto kilichoteremshwa kwenye shimo la GRIP, Greenland, bado kilisoma baridi ya zama za barafu. Hesabu iliyochapishwa 1998 ilionyesha kwamba wakati ule kulikuwa na baridi zaidi ya leo kwa nyuzi kama 23. Sijui jaribio jingine la darasani linalofika mbali hivyo kwa kipimajoto na sponji.

Kuhifadhi: friza isiyoota ugaga, ile inayojiyeyusha yenyewe, haifai. Kila inapojipasha joto mche unapoteza ngozi, na kingo zinakuwa za mviringo ndani ya wiki chache. Tumia friza ya kulala ya kawaida, mche ndani ya mfuko wa plastiki uliobanwa hewa yote, na mfuko ndani ya boksi la styrofoam. Stima ikipotea, usifungue mfuniko kuangalia. Chupa za maji yenye chumvi, gramu 300 kwa lita moja ya maji, zikijaa nafasi tupu zitashikilia karibu na nyuzi -21 kwa saa kadhaa, mradi friza yako ina uwezo wa kuzigandisha kwanza. Nyingi za dukani zinaishia -18, na hapo chupa zitabaki maji. Pima kabla. Ghala kuu la miche la Marekani, huko Lakewood, Colorado, linakaa kwenye -36, kwa hiyo usitegemee friza yoyote ya nyumbani kuhifadhi gesi au alama za kemia kwa miaka.

Jambo moja ambalo seti haiwezi kuonyesha, na si kosa la fundi, ni barafu inayovunjika yenyewe. Kati ya mita 500 hivi na 1,400, kutegemea mahali, viputo vimebanwa sana, na mche ukifika juu ambako hakuna uzito wa kuubana unapasuka, wakati mwingine mikononi. Wanaulaza miezi mingi bila kuugusa ili utulie. Chini zaidi ya hapo hewa inaingia ndani ya fuwele zenyewe na barafu inakuwa angavu kama kioo.

Keekee nyota nne. Kijitabu nyota moja, kwa sababu karatasi yake ni nzito na inafaa kupima viatu.

Visu vya akiba ni shilingi 1,200 kwa jozi, na havijawekwa sandukuni. Agiza pamoja na seti, maana jozi ya kwanza itapoteza makali ndani ya mashimo ishirini ukitumia majivu. Mwambie fundi akupe springi nzito zaidi za kucha na akuchonge viatu vya milimita 0.6 kwa ajili ya drili. Ukimweleza kwa karatasi sita badala ya milimita, ataelewa haraka.